Kofia Moja kwa Miaka Mitatu

"Irreversible," Bassam alinong'ona mlangoni mwa ofisi ya hospitali huko Tononoka. "Kisichorudi nyuma."

Neno hilo alilipata katika makala ya matumbawe yanayokufa baharini. Maneno kama hayo alikuwa nayo zaidi ya mia mbili, ya tembo, ya majangwa, ya milima ya barafu ambayo hataiona maishani. Shule aliishia darasa la tatu, akashika mkokoteni wa soko la Marikiti. Lakini mwaka huu mzima, kila alasiri, alikaa barazani na majarida ya wanyama na safari, akikariri kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Leo ndiyo leo. Kamati ya hospitali ingesikiza malalamiko yake, na faili lao ni la Kizungu, faili walilomnyima mwaka mzima. Wakubwa ndivyo walivyo. Wakitaka kukuonea, hukuonea kwa lugha usiyoijua, kisha hukupa kalamu. Ndivyo walivyomfanya Mwanakuu, mkewe. Uvimbe wa koo ulimuua, nao hawakumpasua. Ati alikataa mwenyewe, fomu ipo. Mwanakuu, ambaye Kizungu hakujua hata cha kuombea maji.

Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Bassam alikuwa amechoka kupisha.

Majarida alipewa na Mwalimu Nabiha, jirani yake wa Kibokoni, boksi zima. Maneno magumu yalikuwa yamewekewa alama tayari: chini ya kila moja safu ya vitone vya penseli, vidogo kama tundu za sindano, na pembeni maana yake kwa Kiswahili. Bila vitone vile Bassam asingefika popote.

"Huyu mwanafunzi wako alikuwa hodari," alimwambia jana. "Hayataki tena?"

"Hayahitaji tena." Nabiha akageukia dirisha. "Shemeji, hiyo kesi iwache. Mwenzio keshapumzika."

"Nawe umeshahamia upande wao?"

Nabiha akavuta pazia. Bassam alimsamehe, maana huyu alimpenda Mwanakuu kama nduguye. Miaka mitatu, kila alasiri, mkewe alivuka kichochoro kwenda kushona kofia kwa Nabiha, na miaka mitatu ikatoa kofia moja tu.

"Mkono ndio mzito," Bassam alikuwa akimtania, "au midomo ndiyo miepesi?"

Mwanakuu alicheka tu, kwa sauti ile ile iliyoongoza kasida katika kila maulidi ya wanawake mtaani.

Kofia hiyo ndiyo aliyoivaa leo.

Ndani walikaa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti, Bi Kasyoka, alimwonyesha kiti.

"Karibu, mzee. Unasema mkeo hakuelewa alichotia sahihi."

"Hakujua Kizungu. Mlimwekea karatasi mbele, naye akatii. Mnyonge hufanyaje?"

"Una hakika?"

"Nimekaa naye miaka thelathini na moja, mama. Nitakosaje kujua?"

"Na kama alijua?"

Bassam alicheka, cheko la uchungu. "Basi nitawaomba radhi mmoja mmoja, nitoke na mlango huo, msinione tena. Lakini kwanza nipeni hiyo fomu. Naisoma mwenyewe, mbele yenu, neno kwa neno. Kila gumu nitawauliza: hili nani alimwelezea?"

Wale wawili wakatazamana. Bi Kasyoka hakucheka. Alifungua faili, akatoa karatasi moja iliyoanza kugeuka rangi, akaisukuma polepole hadi upande wa pili wa meza.

Bassam alivaa miwani. Alisoma kidole kikifuata mistari, na moyo ukampanda kwa fahari: alielewa. Kwamba bila kupasuliwa mgonjwa angekufa. Kwamba akipasuliwa angeishi. Kwamba sauti yake ingeondoka.

Kidole kikafika kwenye neno analolijua. Alifungua kinywa awaulize.

Chini ya neno palikuwa na safu ya vitone vya penseli, vidogo kama tundu za sindano, na pembeni, kwa mwandiko aliosoma nao mwaka mzima: kisichorudi nyuma.