Mchele wa Bi Mashavu

Siwema alikaa mkekani, kalamu mkononi. Mwaka mzima alikuwa akiandika tamthilia ya runinga, na kila alipomaliza kipande alimsomea shangazi yake, Bi Mashavu, aliyemlea. Bi Mashavu alisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo, na pasipomridhisha alisema, "Uongo huo. Mke gani anamjibu mkwewe hivyo?" Siwema akafuta.

Siku hiyo hakusoma kitu.

"Wenye runinga wamepiga simu," alisema. "Wanataka yule mama wa kwenye hadithi afe mwanzo kabisa, watu walie. Nisipobadilisha leo, kazi anapewa mwingine."

Bi Mashavu alitupa kijiwe nje. "Kwani nimewakosea nini?"

"Nani kasema ni wewe, shangazi?"

"Mwanamke anachambua mchele, ananung'unika, kavaa kandambili zisizofanana. Unaniona mjinga?"

Siwema aliinama, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, mwanangu. Mwaka mzima umehangaika, usije ukaikosa kazi kwa ajili yangu. Niue tu," alisema Bi Mashavu. "Ila ungoje nimalize mchele huu. Mimi sipendi kufa watu hawajala."

"Umebaki mwingi?"

Bi Mashavu aliutazama ungo. Zilikuwa zimebaki punje za kujaza kiganja. Akalivuta gunia, akachota kibaba kingine, akakimwaga juu yake, akaanza upya, polepole.