Alama ya Tatu

"Gari hili linakula mafuta kiasi gani, mama?" aliuliza Gervas, mnunuzi.

"Halili, linakunywa," alijibu Bi Sikudhani. "Na geji ilikufa zamani. Marehemu mume wangu alikuwa akipima kwa huu."

Ulikuwa ufito wa mwanzi wenye alama tatu za kisu. Petroli ikilowesha ya chini, walifika sokoni na kurudi. Ya kati iliwafikisha kwa mama yake Bi Sikudhani. Ya juu ilikuwa ya ziwani, na kwa miaka thelathini haikuwahi kulowa. Kila Jumapili mumewe aliichungulia, akacheka, akasema injini ile ina kiu ya ngamia.

"Mimi injini hii nitaing'oa, niweke ndogo," alisema Gervas, akimimina dumu la tatu kwa safari ya kurudi kwao. "Ufito baki nao."

Kwa mazoea, Bi Sikudhani aliuchovya kwenye tangi, akauchomoa. Ulikuwa umelowa hadi kupita alama ya tatu. Aliitazama petroli ikikauka upesi juani. Kisha akafungua mlango wa kushoto, akakaa kwenye kiti chake cha miaka yote, ufito mapajani.

"Mwanangu," alisema, "kabla hujaing'oa, nipitishe ziwani."

Gervas alizunguka hadi kwenye usukani, ufunguo mkononi.