Bei ya Shangazi Modesta

"Milioni kumi na nne, laki moja na elfu ishirini," alisema shangazi Modesta, akivua miwani na kuiweka simu juu ya gunia la karoti.

Stefano alihisi damu inamchemka. Juzi tu bei ya shamba ilikuwa milioni kumi na tatu na laki mbili! Jana ameuza akiba yake yote, akauza na pikipiki, leo amepanda milima hadi Mgeta na pesa kamili mfukoni. Kumbe bado.

Shamba lenyewe alililima marehemu baba yake, na mama yake angali anaishi humo. Lakini kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Mzee alipofariki, shamba likarudi kwa dada yake, shangazi Modesta, naye akataka kuliuza. Miaka miwili amemsubiri Stefano. Sasa tajiri wa Dar amejitokeza, na mwisho wa mwezi mama atafunga virago.

Na Stefano hakuwa mzembe, jamani. Yeye ni fundi simu pale Msamvu, na alikwishaona shilingi inavyoyeyuka. Elfu kumi iliyojaza kapu zamani, leo hailifikishi nusu. Akaiweka akiba yake kwenye bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, akamfundisha na shangazi. Wakati ule alipungukiwa laki tano tu kufikia bei ya shangazi. Akajisemea, ikipanda kidogo, nanunua.

Bitcoin ikapanda. Shamba nalo likapanda.

Akaona dawa ni watu waingie wengi zaidi, maana wanunuzi wakiongezeka bei hupaa. Kila siku ya gulio akapanda hadi Nyandira, hukohuko Mgeta, kuwahubiria wakulima wa mboga. "Shilingi inawaibia mchana kweupe!" aliwaambia. Wengine walimcheka, wengine wakaingia. Bitcoin ikapaa kweli, na Stefano akajipongeza kana kwamba ni yeye aliyeisukuma dunia nzima. Alipomwendea shangazi, shamba lilikuwa limepaa pia.

Mara moja tu, mwezi wa nne, shangazi aliteremsha bei. Bahati mbaya bitcoin nayo siku hizo ilikuwa taabani, hakuwa na cha maana cha kuuza. Ilichosha. Usiku alikuwa akimwambia mkewe, Editha, kwamba shangazi ana roho ya kwa nini.

Leo uvumilivu ulimwishia.

"Shangazi, nakuheshimu, lakini hii sasa ni dhuluma! Kila nikikaribia unapandisha. Mimi si damu ya kaka yako? Mama yangu nimpeleke wapi?"

Shangazi Modesta alimkazia macho. Alionekana ameumia kwelikweli.

"Nani amepandisha, baba?"

"Wewe! Mwaka juzi ulisema milioni tano na robo. Leo kumi na nne!"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukitaka nikutajie kwa shilingi, nami nikakutajia." Aliigeuza simu yake, akamsogezea Stefano kioo aone. "Bei yangu ni ileile ya mwaka juzi: sehemu moja ya ishirini ya bitcoin. Sijaongeza hata chembe."