Jumapili ya Kumi na Tatu

Katika picha zote kumi na mbili, kati ya Othman na mkewe palikuwa na nafasi ya kumtosha mtu mmoja.

Mpiga picha Mchina wa bustani ya Yuexiu aliwapungia mkono wasogeleane. Yule wa mlima Baiyun alikuja mwenyewe kumsukuma Othman begani. Mwanahija alitabasamu kwa adabu, akabaki palepale aliposimama.

Yote yalianzia Xintang, kwenye kiwanda cha jinzi, Jumapili ya mwisho ya Septemba 1997. Suruali mia nane za biashara yao zilikuwa zimeshonwa zipu mbovu, na Mwanahija akasema mbele ya watu kwamba alimwonya mumewe tangu awali. Kweli alimwonya. Ndiyo maana ilimchoma. Othman, mtu wa Tanga mwenye hasira za karibu, alimjibu neno ambalo hata rafiki yao Mkongomani, Clément, aliacha kutafuna. Mwanahija hakulia. Alijitanda vizuri, akaenda kupanda basi peke yake.

Othman alijuta kabla hajafika mjini. Lakini kujuta ni kazi ya moyo, na kusema ni kazi ya mdomo, na mdomo wa Othman ulikuwa mzito kwa mambo kama hayo. Alipoingia nyumbani aliishusha kalenda aliyopewa na laoban, tajiri mwenye duka la vitambaa kule Zhongda. Akahesabu miezi mitatu, akaizungushia wino mwekundu tarehe 28 Desemba. Siku hiyo atalisema neno la kumaliza yote. Kwa sasa, mwanamke naye aone joto la jiwe kidogo.

Basi wakawa wanatembea. Kila Jumapili Clément na mkewe Élise, na binti yao mdogo Larissa, waliwapitia kwenda kupunga hewa. Walipanda mlima, wakatazama maonyesho ya maua ya krisanthemu, wakala karanga za kuchemsha kando ya mto. Aliyewaona alidhani ni watu wenye raha zao.

Raha iliishia mlangoni. Nyumbani, ghorofa ya saba, Othman alilala sebuleni juu ya marobota ya nguo za soko la Shahe. Mwanahija alipika, akafunika sahani, akaingia chumbani. Zamani kila asubuhi alimsimulia ndoto alizoota, ndefu, zisizo kichwa wala miguu, na Othman alikuwa akimwomba amwache anywe chai. Sasa chai aliinywa kimya, akisikiliza friji. Alikuwa mpweke kuliko alipokuwa hajaoa.

"Bibi yako angali na kasirani," Clément alimwambia siku moja. "Omba pardon, bintu biishe."

"Siku yake ipo," Othman alijibu.

Katikati ya Desemba walipanda feri. Upepo ulikuwa mkali. Mwanahija alimgeukia, midomo imemkauka.

"Mume wangu, kuna kitu unataka kuniambia?"

Neno lilimfika Othman kooni. Akaikumbuka kalenda. Zilibaki wiki mbili tu, na alikwisha kununua koti jipya la siku hiyo.

"Hapana," alisema. "Baridi tu."

Mwanahija aligeukia maji. Hakuuliza tena.

Alhamisi ya Krismasi alikwenda kumsaidia Élise mapishi, akabaki hukohuko. Alisema Larissa ana homa. Ijumaa alirudi kuchukua nguo zake, na Othman alishangaa kusikia mtu anabisha hodi, kumbe ni Mwanahija. Aliingia na mtandio kichwani, akauacha mlango wazi nyuma yake, akafungasha haraka bila kuuvua. Othman alidhani ni baridi. Akajiambia bado siku mbili, avumilie.

Ikafika Jumapili yenyewe. Walikutana Yuexiu, kwenye sanamu ya mbuzi watano. Othman alikuwa amenyoa, amevaa koti, na mfukoni ana karatasi ya Desemba aliyoichana kwenye kalenda. Larissa alikuwa anakimbiza njiwa, mzima wa afya. Mpiga picha aliwapanga, akaanza kupunga mkono wake, sogeeni, sogeeni.

"Ngoja kwanza," Othman alisema. "Clément, Élise, siku ile Xintang mlikuwepo. Na leo muwe mashahidi."

Akaikunjua karatasi, akamwonyesha Mwanahija lile duara jekundu.

"Ona, sikusahau hata siku moja. Nimeihesabu tangu Septemba. Leo ndiyo siku ya mwisho, na leo nasema: Mwanahija, mke wangu, nimekurejea."

"Enfin! Hatimaye!" Élise akapiga makofi.

Mwanahija alilitazama lile duara. Machozi yalimtoka, yale ambayo hakuyatoa Xintang, na kwa muda Othman aliamini ni ya furaha. Akapiga hatua kumwendea.

Mwanahija akarudi nyuma hatua mbili.

"Jumapili kumi na mbili nililingoja neno hilo, kaka Othman," alisema. "Talaka uliyonipa uliihesabu kwa kalenda. Eda mwanamke anaihesabu kwa hedhi na twahara zake, na yangu ilikwisha Jumatano."