Jibu la Daktari Tang

Luo Dequan alitoka kwa daktari, akasimama nje ya lango akitafuta uongo wa kumwambia mkewe.

Binti yao Qiu alipozaliwa, wakuu wa kijiji walisema mtoto mmoja anatosha. Mzazi mmoja lazima afunge kizazi. "Nitakwenda mimi," Dequan alimwambia Suying, ambaye bado alikuwa kitandani na maumivu ya uzazi. "Wewe hawakugusi." Akakatwa mirija ya mbegu. Aliporudi, majirani walimcheka: "Tazameni bata wa Suying anavyotembea." Naye akacheka nao.

Qiu akakua, akaingia sekondari. Kisha ardhi ikatetemeka, shule ikaporomoka, naye alikuwa darasani.

Baada ya mazishi Dequan hakuwa na usingizi. "Nilijikata mwenyewe," alikuwa akisema. "Nilikwenda kwa miguu yangu."

Suying ndiye aliyemsihi akaunganishwe tena. Daktari Tang, mama asiyependa kupamba maneno, aliwaeleza wote wawili: mirija ikikaa miaka mingi bila kazi, matumaini hupungua, na umri wa mke nao una neno lake. Suying alikuwa amevuka arobaini.

Wakakubali. Kidonda kikapona, Dequan akaacha sigara, miezi ikapita, Suying hakushika mimba. Dequan akapimwa upya, na leo ndipo alipokwenda kusikia jibu.

"Mbegu zipo, tena nzima," Daktari Tang alimwambia, macho yake dirishani. "Ni umri wa mkeo, bwana Luo. Muda umempita."

Nyumbani Suying alikuwa akikatakata pilipili.

"Amesemaje, Baba Qiu?"

"Ni mimi," Dequan akasema. "Mirija imeziba tena. Wewe huna tatizo lolote. Nisamehe, Mama Qiu."

Kisu kilisimama. Suying alimkodolea macho, kisha akamwangukia kifuani akalia kama alivyolia siku ya mazishi. Dequan alimpapasa mgongo, akajisemea: afadhali anilaumu mimi kuliko ajichukie yeye.

Jana yake, Suying alikuwa amemtangulia kwa Daktari Tang. Alipoambiwa kwamba haikuonekana hata mbegu moja, alimshika daktari mkono. "Mwambie ni uzee wangu," alimsihi. "Alikatwa ili mimi nisiguswe. Akijua, hatajisamehe."