Pazia la Kumzuia Mama Mahoro

"Toboa ukuta mpaka ufike ku tofali, papa!" mpangaji alifoka. "Nimechoka. Huyu Mama Mahoro wa beseni ya samaki sambaza, kila asubuhi anasimama ku dirisha yangu, anachungulia mu salon kama mwizi. Leo nafunga rido, pazia nzito!"

Mwenye nyumba alikuwa amesimama juu ya kiti. "Plako inatosha, mama. Hii nyumba nilijenga mimi mwenyewe, najua ukuta yangu." Akakaza skrubu kwenye ubao wa jasi, bila kufika kwenye tofali.

Fimbo ya pazia ilianguka pamoja na pazia lake, ikang'oa kipande kirefu cha ubao kutoka juu mpaka karibu na sakafu.

Pale kilipong'oka, juu ya matofali, mistari ya makaa ilipandana, kama watu wanavyopima kimo cha mtoto. Kando ya kila mstari palikuwa na jina lile lile: Mahoro. Mstari wa juu kabisa ulimfikia mpangaji kiunoni.

Mwenye nyumba aliruka chini, akaokota kile kipande ili akirudishe haraka.

"Acha!" Mpangaji alimpokonya, akakivunja kwa goti.

Nje, sauti ilikuwa inapita. "Sambaza! Sambaza ya soko ya Kituku!"

Mpangaji alisukuma dirisha mpaka kioo kikatetemeka.

"Mama Mahoro! Tua beseni. Ingia kwako."