Glavu za Raya

Tangu alipopewa dawa kwenye kliniki ya saratani, Bi Mashavu hakuwa amemeza hata kidonge kimoja. Kila asubuhi mkwewe, Raya, alivaa glavu, akatoa kidonge kwenye chupa, akakiweka kwenye kisahani na kusimama kando hadi mama mkwe amalize maji. Bi Mashavu alijifanya anameza, kumbe alikificha kiganjani na baadaye kukifunga kwenye pindo la kanga.

Leo yalimfika shingoni. Alifungua fundo, vidonge vikamwagika mkekani.

"Dawa gani hii, mtu anaogopa kuishika? Sumu ndiyo hushikwa hivi. Haya, meza wewe kwanza nikuone!"

Raya alirudi nyuma hadi ukutani.

"Siwezi, mama."

"Nilijua tu!"

"Nesi alitueleza, wewe ukawa umegeuza uso. Inaua ugonjwa, lakini asiyeumwa asiiguse. Hasa..." Alishika tumbo. "Hasa mwenye mimba. Hata mwanao sijamwambia."

Bi Mashavu alilitazama lile dera pana alilovaa Raya. Kisha akaanza kuviokota vidonge mbiombio.

"Usivimeze vyote, mama! Cha leo tu. Vingine tutamrudishia nesi, tumwambie ukweli."

Raya aliinama kumsaidia. Bi Mashavu akausukuma mkono wake.

"Toka hapa! Kasimame mlangoni."

Alikichukua cha leo kwa vidole vyake mwenyewe, akakiweka ulimini, akanywa maji. Kisha akaachama kinywa, kama mtoto, ili Raya aone kutoka kule mlangoni.